Masahihisho

Karo yake si pesa.
Anataka vile vipakiti vyeupe vya chembechembe
vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu,
vilivyoandikwa USILE kwa lugha nne.
Madamu wangu wa Al-Khuwair
hununua viatu kama watu wanavyonunua nyanya,
kwa hiyo mimi ni mwanafunzi tajiri.

Ijumaa, saa nane mchana, Wadi Kabir inachemka.
Nyuma ya soko la magari makuukuu
napanda ngazi za Bi Zafarani binti Feruzi.
Nyumba ina kiyoyozi kimoja,
wala hakiko anakolala.
Yeye hulala sebuleni, feni na taulo la maji.
Baridi yote ameyapa magazeti.

*Taa ya Ng'ambo*, kurasa nne, bei senti kumi,
lilichapwa Unguja na watu weusi
ambao wenye mji waliwaita "wewe".
Wachukuzi, madobi, wapishi wa vyakula vya wengine:
mmoja akisoma, thelathini wakisikia.
Baba yake alipanga herufi,
herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume,
kwa lugha ambayo risasi ni madini
na pia ni mauti.

Alipofika huku na masanduku mawili
forodha waliuliza, kuna dhahabu?
Akajibu: vyombo, na karatasi za kufungia vyombo.
Wala hakusema uongo.
Sahani zilikuwa zimevikwa mgomo wa bandarini,
birika limevikwa kesi ya kiwanja.
Vyombo vyote vimekwisha kuvunjika.
Vifungio vipo.

Tuko watano. Nakimuli wa saluni ya Ruwi,
Salesi mlinzi, Hilali dereva wa teksi
(huyu mzaliwa wa hapa, kwao husemwa
usiulize babu alikujaje),
kijana mmoja wa chuo, na mimi.
"Uchungu mnao," anasema,
"sikuwaita niwaongezee."
Anafundisha jina.
Lote, na la baba, herufi kwa herufi.
Uliza mara mbili.
Kama mtu hajui kuandika,
litamke mbele yake
mpaka atabasamu.

Kisha anavaa glavu, anatufunulia pembe ya ukurasa,
kipande kidogo kuliko stempu mbili:
*Masahihisho. Wiki iliyopita tulisema
mchukuzi aliyefia gatini ni Mabruki Songoro.
Ni Mabruki Songolo.
Tunawaomba radhi jamaa zake.*

"Miaka ishirini na sita gati zima lilimwita wewe.
Gazeti likamwomba radhi
kwa herufi moja."
Salesi akatazama dirishani kwa muda mrefu,
na dirisha lenyewe lina pazia.

Mwezi wa sita mwenzetu alianguka Ghubra,
ghorofa ya nne, akifuta kioo.
Niliona mstari mmoja tu: *mfanyakazi wa kike, Mwafrika.*
Nikauliza saluni. Nikauliza duka la kadi za simu.
Usiku, chini ya shuka, nikampigia shangazi yake Rabai,
nikamtamkia jina hadi akasema, hilo, hilo hasa.
Gazeti moja la Mombasa likanipa mistari sita.
Wakaandika Dhama Ngoa.

Nilifika darasani na macho mekundu.
Bi Zafarani hakunipa pole,
alinisogezea kalamu.
Barua ya kwanza haikujibiwa.
Ya pili haikujibiwa.
Ya tatu tuliitia saini sote watano,
na Hilali, kwa mara ya kwanza,
akaandika jina la babu yake mwishoni mwa lake.

Juzi limetoka, chini ya tangazo la matangi ya maji:
*Ni Dama Ngowa.*
Mbili tu. Inatosha kutamkwa.

Amelikata kwa wembe,
amelilaza rafu ya chini, kipakiti kando yake.
Bili ya umeme iko juu ya friji, ya onyo,
na hatujui tutaichangaje.
Lakini Eid inakaribia,
Madamu ameshaanza kuzungumzia viatu.